Amana ya Mwalimu Sridharan

Mwalimu Sridharan alikufa Jumatano asubuhi, saa ambayo Bi Khole alikuwa soko la wanawake hapo Ibra, Oman, akibishania bei ya ndimu.

Aliporudi, kapu mkononi, la kwanza kulisikia ni sauti ya simu ikisoma Kimalayalam kwenye baraza ya nyumba ndogo ya uani. Hilo halikumshtua. Macho ya Mwalimu yalikwisha choka, na mwaka wa pili huu simu ndiyo ikimsomea magazeti ya kwao, kwa sauti ya mwanamke asiyevuta pumzi. Kilichomshtua ni kuwa hakuna aliyekuwa akiijibu. Mwalimu hakujua kusikiliza gazeti kimya. Alilibishia, aliguna, alicheka kwa dharau, na likija jambo zito hasa alisema "Uongo!" kwa Kiswahili, ili mwenye nyumba naye apate fungu lake.

"Mwalimu, ndimu zimepanda," Bi Khole alisema akipita. "Na ungekwenda wewe wangekutimua tena."

Maana aliwahi kwenda siku moja, hajui kwamba soko la Jumatano ni la wanawake watupu, na wauza vitambaa wakamtoa kwa vicheko mpaka barabarani. Aliisimulia habari hiyo mwenyewe kila alipopata mgeni, kama mzee anayesimulia vita.

Safari hii hakucheka. Miwani ilikuwa puani, mikono imelala mapajani, kidevu kimegusa kifua. Bi Khole aliweka kapu chini, akamgusa paji la uso kwa nyuma ya vidole, kama alivyowagusa wanawe walipokuwa na homa. Baridi. Alianza "Inna lillahi", akasita katikati, kisha akaimaliza, maana ile haikuwa ya Mwalimu, ilikuwa yake mwenyewe.

Alimpigia Sudha, binti wa Mwalimu, muuguzi wa hospitali. Kisha akataka kuizima ile simu nyingine, hakujua. Akaifunika kwa upande wa kanga, na chini ya kanga yule mwanamke akaendelea kusoma.

Musabbah, jirani yake ukuta kwa ukuta, alikuwa mtu wa Sur aliyeoa Ibra, mwepesi wa kutenda kheri kuliko wa kuuliza. Kabla Sudha hajafika, yeye alikwisha ingia uani, amekwisha toka, na amerudi tena anahema.

"Bi Khole, wachimbaji wako makaburini. Kabla ya adhuhuri wamemaliza, inshaallah. Sanda ninayo mimi nyumbani."

"Sanda ya nani?"

"Ya Mwalimu, Mungu amrehemu."

"Musabbah, Mwalimu si Muislamu."

Musabbah alitabasamu kidogo, kama mtu aliyetaniwa mahali pasipo pake. "Si Muislamu vipi? Ramadhani tatu nimefuturu naye hapa hapa. Tende mkononi, anangoja adhana kama sisi."

"Alingoja adhana kwa sababu mimi nilingoja adhana."

"Ya'ni, hakuwa akifunga?"

"Alikuwa hali mchana. Alisema haifai kula mbele ya mwanamke mwenye njaa. Hiyo si saumu, hiyo ni adabu."

Musabbah alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Alimtazama yule mzee kitini, na uso wake ukawa wa mtu aliyeibiwa kitu asichojua thamani yake. "Wallahi nilikuwa nikimwonea gere," alisema. "Nikisema, mzee huyu hata kiu haionyeshi." Kisha akakumbuka. "Na kaburi je? Kaburi haliachwi wazi, Bi Khole. Likiachwa wazi linaita."

Hapo Sudha aliingia, na nyuma yake gari la wagonjwa na askari wawili, kwa kuwa mgeni akifa nyumbani lazima iandikwe. Alikuwa na sare yake ya kazi. Alimshika baba yake kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ambayo alijua hayapo, akahesabu dakika nzima. Kisha akafunua kanga na kuizima simu.

Askari mmoja alikuwa anataka kuuliza jambo. Aliona uso wa Sudha, akaenda kusimama mlangoni.

Alasiri Sudha alirudi kutoka chumba cha maiti akakaa ukumbini kwa Bi Khole, kadi yenye jina lake bado inaning'inia kifuani. Miaka kumi na sita alikuwa Ibra. Kiarabu chake kilikuwa cha wodini, cha kuuliza panauma wapi, na Kiswahili chake kilitosha kuombea chumvi. Hata hivyo, kwa kuchanganya hizo mbili, yeye na Bi Khole hawakuwahi kukosa kuelewana. Wakati baba yake alipobaki peke yake kule Kozhikode na kuanza kuanguka bafuni, alimleta hapa, na Bi Khole akawapangisha wote wawili nyumba ya uani, akisema atakuwa na mtu wa kugombana naye, mumewe kafa bila kumalizia ugomvi wao.

Simu ya Sudha ilikuwa haitulii. Ni baba yake mdogo, kutoka Kannur.

"Wanasemaje?" Bi Khole aliuliza.

"Ndege ni kesho kutwa, Ijumaa. Jumamosi asubuhi wanamchoma, kusini mwa nyumba, palepale alipochomwa babu. Kuhani amekwisha ambiwa. Mtoto wa baba mdogo ndiye atakayewasha moto, kwa kuwa mimi ni mwanamke." Alisema haya kama anayesoma cheti cha mgonjwa. "Nimewaambia sawa."

"Kuhani," alisema Bi Khole.

"Ndiyo, Mama."

"Kwa Mwalimu."

Sudha aliinua macho. "Yeye amekufa. Tuliobaki ni sisi."

Bi Khole aligeukia mlango wa ndani. Chumbani kwake, ndani ya sanduku, palikuwa na sanda yake mwenyewe aliyorudi nayo Makka, na katikati ya mikunjo ya sanda palikuwa na bahasha ya kaki. Mwalimu alimpa Ramadhani iliyopita, dakika chache kabla ya magharibi, wamekaa barazani sahani ya tende katikati yao.

"Hii nakupa amana, Bibi Khole," alisema. Kiswahili chake alikiokota Tabora ujanani, alipofundisha sayansi huko miaka miwili kabla hajarudi kwao kuwa mwandishi wa gazeti, na Bi Khole, mtu wa Unguja, hakuacha kumcheka kwa kile Kiswahili cha bara.

"Ndani mna nini?"

"Mwili wangu."

Akamweleza. Alikwisha uahidi kwa chuo cha udaktari cha Kozhikode, wanafunzi wajifunzie. Asiitwe kuhani, isisomwe sala, usiwashwe moto.

"Wakukatekate?"

"Wanikate, wanifungue, watazame kama nina moyo. Waandishi wengi wa kwetu watapenda kujua."

Kazi yake miaka arubaini ilikuwa kueleza gazetini kitabu cha nani kibovu na kwa nini, na wapo waandishi waliohama mtaa asiwaone. Bi Khole hakucheka. "Mpe mwanao."

"Mwanangu atalia, na akilia nitaichana."

"Basi wape wenzako, hao wasioamini."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati. Alikuwa na rafiki, alisema, mshairi, miaka thelathini wakienda pamoja kijiji kwa kijiji kuwaonyesha watu namna waganga wanavyokula moto na kutoa majivu vidoleni. Rafiki akafa, familia ikaita kuhani. Mwalimu akaandika kwamba mtu yule alikuwa muigizaji maisha yake yote. Mjane akamjibu kwa mstari mmoja: Na wewe ukifa, nani atawashika watu wako mkono?

"Wenzangu wana akili mno," alisema. "Mwenye akili akitaka kuvunja ahadi hakosi sababu. Wewe unamwogopa Mungu. Wewe hutatafuta sababu."

Bi Khole aliipokea bahasha kwa mkono wa kulia.

"Na jambo moja zaidi. Usiniombee. Nakujua wewe."

"Hilo nalo halikuhusu."

"Ahidi."

"Haya, nimeahidi, niache nifuturu!"

Na adhana ikalia.

Sasa, ukumbini, Sudha alikuwa ameegemea ukuta, macho kafumba. "Unajua, Mama," alisema, "mama yangu alipokufa nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwetu maiti huwashiwa taa ya mafuta upande wa kichwani. Nilitaka kuwasha taa moja tu. Nyumba imejaa waandishi na watu wa siasa. Baba akanishika mkono huu wenye kiberiti, akasema mbele yao wote, 'Binti yangu, taa hii itamwonyesha njia ya kwenda wapi?' Watu wakatikisa vichwa. Wakaona maneno mazuri. Kesho yake yakatoka gazetini."

"Na taa?"

"Hakuna aliyeiwasha."

Bi Khole alikuwa amekwisha simama kwenda chumbani. Akakaa tena.

Baada ya magharibi alimpakulia mwanawe Asaad wali na samaki, akakaa kumtazama akila. Asaad alikuwa na kazi ya baladiya, ofisi ya mji, na ni mtu wa tahadhari. Alipoambiwa, aliacha kutafuna.

"Bahasha hiyo nani anaijua?"

"Mungu."

"Mbali na Mungu, Mama."

"Wewe, sasa hivi."

"Basi iache ilipo. Wenyewe wamekwisha panga mambo yao. Ukiitoa, watu watasema Bi Khole kampeleka mpangaji wake akapasuliwe kama mbuzi. Leo tu Musabbah ameniaibisha mbele ya watu, ananiuliza kaburi walifanyeje."

"Wamelifanyaje?"

"Wametia kigogo cha mtende, wakafukia."

Bi Khole alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile, na kicheko kilimtoka kikubwa kuliko alivyotaka, kisha kikageuka machozi, akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Mwalimu angeuliza kigogo kimesaliwa na nani," alisema.

Asaad alingoja atulie. "Muulize sheikh. Huenda amana ya namna hii haikufungi."

"Sikumuuliza sheikh nilipoipokea. Nikimuuliza leo, si ndiyo natafuta sababu?"

"Kwani wewe unaona sawa, mtu akatwe?"

"Mwili unanisisimka nikifikiri tu. Maiti ana heshima yake." Alisukuma sahani ya ndimu upande wa mwanawe. "Na yule mtoto naye ana haki yake. Amenyimwa taa. Ningekuwa mimi ningeleta makuhani kumi."

"Basi umejijibu."

"Kula, Asaad."

Alhamisi asubuhi Asaad aliwapeleka mama yake na Sudha ofisini kuchukua kibali cha kusafirisha maiti. Palikuwa na foleni ya wanaume, nao wakawapisha wanawake mbele, lakini hawakurudi nyuma vya kutosha, kila neno walilisikia. Karani alikuwa kijana mpole, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi, jina lake Laith. Alimpa Bi Khole kiti.

"Jina la marehemu?"

Sudha alilitaja, akaliandika pia kwenye kikaratasi, kwa kuwa ni refu.

"Kazi?"

"Mwandishi wa habari. Na mhakiki wa vitabu."

"Umri?"

"Sabini na tisa."

"Mstaafu, basi. Naandika mstaafu." Aligonga. "Dini?"

Bi Khole alimwona Sudha akishika ukingo wa meza.

"Hakuwa nayo," Sudha alisema.

Nyuma yao mtu alikohoa. Laith aliinua macho, si kwa ubaya. "Dada, nafasi hii haiachwi tupu. Mashine haipokei."

"Andika hakuna."

"Hakuna haimo. Tazama mwenyewe." Aligeuza kioo upande wake, akashusha orodha kwa kidole, dini moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. "Baba yake alikuwa nani?"

"Mhindu."

"Basi yamekwisha."

Mwalimu alikosa jino la mbele. Jiwe lililoling'oa lilirushwa uwanjani siku aliyowaonyesha watu namna ya kuramba kafuri inayowaka bila kuungua. Gazeti lake dogo alilokuwa akilichapa kwa mfuko wake lilichomwa moto mara mbili. Alipigwa kizuizini, alitengwa na ndugu, alinyimwa kukaa mezani kwenye arusi ya mpwa wake. Hayo yote Bi Khole aliyajua kwa kuambiwa alasiri hadi alasiri, kama hadithi za kuchekesha. Na hapa Oman mzee yule alikaa kimya miaka mitatu asimharibie mwanawe kazi, akawa anabisha na mwanamke mmoja tu, chini ya paa moja tu.

Laith aligonga kidole mara moja. Mashine ikatoa karatasi, ingali moto. "Tia saini hapa, dada. Pole sana. Mungu akupe subira."

Sudha akatia.

Asaad alikwenda kutoa nakala. Wanawake wakamngoja garini, kiyoyozi kinavuma, jua la Ibra limeegemea vioo. Bi Khole alifungua mkoba wake. Alikwisha itoa bahasha ndani ya sanda alfajiri, lakini mpaka dakika ile hakujua kwamba ataitoa mkobani.

"Nini hii?"

"Ya baba yako. Ilikuwa kwangu tangu Ramadhani."

Sudha alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Kisha akarudia wa kwanza. Alipoweka karatasi mapajani, mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, mikono ya mtu wa kazi.

"Kwa nini wewe?" alisema. "Mimi ndiye mwanawe. Nimemwogesha. Nimemkata kucha za miguu. Wewe ni nani?"

Bi Khole alilipokea neno hilo bila kujitetea. "Alisema utalia."

"Alifikiri silii asiponiona?"

Nje mtu alikuwa akikokota kreti za maji.

"Ukiirudisha mkobani mwako," Sudha alisema polepole, "nani atakayeidai?"

"Yeye hatadai. Nitadaiwa mimi."

"Na unaona sawa, Mama? Wewe? Wamfanye hivyo?"

"Sioni sawa hata kidogo. Ingekuwa kwa ruhusa yangu, jana angelala makaburini kwetu, mahali pa kile kigogo." Alifunga mkoba. "Jana nilinyamaza kwa sababu yako. Ile habari ya taa imenikaa hapa kifuani. Leo nimemwona yule kijana akimpa dini kwa kugonga kidole. Nikaona na mimi nimemshika mkono, kama yeye alivyokushika wewe. Sina zaidi ya hilo. Ukitaka kuichana, ichane, iko mkononi mwako. Lakini isiwe kwangu tena."

Asaad alifungua mlango, akaona nyuso zao, akaufunga tena na kubaki juani na nakala zake.

Sudha aliitia bahasha chini ya kadi ya kazi, kifuani. "Nirudishe nyumbani," alisema, na hakusema tena mpaka uani.

Alipiga simu chuoni mwenyewe, amesimama barazani penye kiti kitupu. Bi Khole alimsikia kwa dirisha la jikoni akisema lugha yao, maneno mafupi mafupi. Mwanamke wa ofisi ya chuo alitaka vitu viwili tu, alieleza baadaye: ile karatasi yenyewe, na saini ya mtoto.

Kisha akampigia baba yake mdogo. Hapo Bi Khole hakuhitaji kujua Kimalayalam. Ile sauti ya mwanamume ilitoka simuni ikajaa uani, na Sudha aliiweka simu mbali na sikio kama anayeshika chombo cha moto. Ilipokatika, alibaki anaitazama.

"Amesema nisiikanyage nyumba ile tena. Wala wanangu walioko shule ya bweni."

"Umekwisha tia saini?"

"Bado."

"Basi mbona umemwambia?"

"Nilitaka nisikie atakavyosema," Sudha alijibu. "Baba angeandika makala. Mimi sina gazeti."

Ijumaa, watu wametoka msikitini, Sudha alikuja mlango wa jikoni akaomba bakuli dogo la udongo na mafuta ya nazi. Bi Khole alimpa asiulize. Aliyatia mafuta yale anayopaka nywele, hakuwa na mengine. Utambi Sudha aliusokota kwa pamba ya hospitali.

Nyumba ya uani ilikwisha fagiliwa. Vitabu vilikuwa ndani ya maboksi, masanduku mawili ya makala zilizokatwa magazetini yamefungwa kamba, na juu ya meza palikuwa na ile karatasi na kalamu. Bi Khole alisimama kizingitini.

"Ingia, Mama. Nakusomea." Sudha aliweka kidole kwenye mstari. "Kuhani hapana. Sala hapana. Maua hapana. Majivu hapana." Kidole kikasimama. "Taa hapana. Ameiandika taa, Mama. Mengine yote ameyataja kwa jumla, hii ameiandika peke yake, mstari wake. Kumbe hakuisahau."

Bi Khole hakujua kama lile lilikuwa jambo la kumpoza mtu au la kumuua. Alimtazama Sudha, akaona naye hajui.

"Mimi nilipokea bahasha," alisema. "Yaliyomo ni yenu."

"Hii si yake." Sudha alisogeza bakuli katikati ya meza. "Ni ya mama yangu. Miaka ishirini na tisa imechelewa." Aliwasha kiberiti. Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili ikashika utambi, lakini kiyoyozi kiliupeperusha mwali ule mdogo ukalala, unataka kufa. Bi Khole alivuka kizingiti, akaweka viganja viwili kuuzunguka, karibu mpaka akahisi moto, mpaka ulipoinuka.

Hakusema Bismillahi. Aliimeza.

Simu ya Sudha ilianza kulia mezani. Jina la baba mdogo likawaka, likazimika, likawaka. Sudha alivuta karatasi. Mahali pa mtoto kutia saini Mwalimu alikuwa ameweka alama ndogo ya penseli, kama anavyomwonyesha mwanafunzi mahali pa kujibu. Sudha aliitazama alama hiyo, akatoa sauti ambayo si kicheko, akatia saini juu yake.

Halafu ndipo alipolia, kwa kelele, kinywa wazi, mbele ya mtu. Bi Khole hakumshika. Mikono yake ilikuwa kwenye taa.

Sudha alikwenda Kozhikode na maiti, akarudi baada ya siku tisa. Chuo kilimpokea baba yake kwa adabu, alisema. Hapakuwa na hotuba. Alilala hotelini. Mwezi haukuisha akahamia nyumba za wauguzi kule hospitalini, kwa kuwa kila akifungua lango la uani masikio yake yalitega ile simu. Ijumaa huja kula, huleta ndizi za kukaanga, na hazungumzii karatasi. Bi Khole naye haulizi. Siku moja tu, akiosha vyombo, Sudha alisema, "Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wameanza," na Bi Khole akajua anasema nini, akaendelea kukausha sahani ile ile.

Nyumba ya uani haijapata mpangaji. Watu wa mtaani walisema yale Asaad aliyoyabashiri, wakachoka. Musabbah peke yake bado husema Mwalimu alifunga, na akibishiwa hukasirika.

Alasiri, baada ya sala, Bi Khole hubaki juu ya msala akiwataja maiti wake. Ndiyo ada yake tangu Unguja, aliifundishwa na bibi yake: huwataja kwa majina, mmoja mmoja, asimruke mtu. Baba na mama. Mumewe. Dada yake aliyezikwa Pemba. Mtoto wake wa pili, aliyeishi siku nne. Asaad alimkuta hivyo siku moja, akangoja amalize, akamwuliza lile ambalo alikuwa akitaka kumwuliza muda mrefu.

"Mwalimu humtaji. Ni kwa kuwa dini imekukataza, au kwa kuwa yeye alikukataza?"

"Sijui, mwanangu. Nimefungwa mdomo huku na huku."

Na hamtaji. Lakini akifika mwisho wa majina, kabla ya amin, hunyamaza kidogo, viganja viko wazi, kiasi cha mtu kulitaja jina refu la kigeni polepole bila kulikosea. Kisha hupangusa uso, na kuinuka.